Mutoto ni mwoga, ao haoni mbali?

Mama mmoja wa Likasi anatuandikia: «Mutoto wangu wa miaka 12 alikuwa anapenda masomo. Sasa kila asubui tumbo inamuluma. Mwalimu akimuita ku tablo, anatetemeka. Mu njia anapita karibu na shangazi yake bila kumupa jambo. Wengine wanasema iko na kiburi, wengine wanasema amelogwa. Baba yake anataka kumutosha mu masomo. Tufanye nini?»

Mama, mbele ya kutafuta mulozi, tuulize kwanza: mutoto anaona?

Kuna macho yanayoona vizuri karibu, lakini mbali yanaona ukungu tu. Mara nyingi ni kwa sababu jicho limekua kwa urefu kupita kipimo. Mutoto mwenyewe hajui. Anafikiri tablo iko vile kwa wote. Mwalimu anamuita, hasomi, kilasi inacheka. Kesho tena vile vile. Polepole moyo unajifunza kupiga mbio hata mbele ya kufika ku masomo. Na shangazi? Hakumuzarau. Ng'ambo ya barabara, uso wa mutu kwake ni doa.

Wachunguzi wameona mara nyingi kwamba vijana wasioona mbali wanasumbuliwa na mahangaiko kupita wenzao. Si wote, na woga una mizizi mingine pia. Lakini macho yanapimwa upesi, basi tuanze pale.

Toboa karatasi ngumu kwa sindano. Mutoto asimame mbali na kalenda ya ukutani, afunike jicho moja, asome namba, kisha asome tena kupitia katundu kale. Akiona vizuri zaidi, mara nyingi ni miwani anayohitaji. Umupeleke kwa munganga wa macho. Usimununulie ile ya sokoni wazee wanayosomea Biblia! Ile ni ya kuona karibu; itamuzidishia ukungu. Na wanaosema miwani inaharibu macho ya mutoto, wanakosea.

Wadogo zake wacheze inje muchana. Kule Guangzhou, China, shule fulani ziliongeza dakika 40 za kuwa inje kila siku ya masomo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: kisha miaka 3, watoto kama 30 ku 100 walikuwa hawaoni mbali, mu shule zingine, karibu 40.

Miwani inarudisha tablo siku ile ile. Woga utakawia. Mwalimu amuweke ku banki ya mbele, na baba angoje. Kama majuma yanapita na mutoto bado halali, bado tumbo inamuluma ao anakataa kutoka nyumbani, rudi kwa munganga: mahangaiko nayo ni ugonjwa, na yanatunzwa.

Shangazi aambiwe leo, miwani isijapatikana bado: akimuona mutoto mu njia, amuite jina yeye kwanza.