Tuyapime Mabweni Yetu kwa Miwani Mipya

Wanafunzi wenzangu, naomba nafasi kidogo katika kurasa hizi za Kiswahili niseme neno juu ya vyumba tunavyolala. Wengi hudhani kwamba kupanga nyumba ndani ni kazi ya matajiri wa Kampala, wenye makochi na mapazia. Mimi sikubali. Popote penye kitanda na mlango pana mpango wa ndani, uwe mwema au mbaya.

Bibi yangu akaa Koboko katika nyumba ya msonge. Hakusoma shule, lakini usiku wa manane, taa imezimwa, hutoka kitandani hadi mlangoni bila kugusa mtungi wala kigoda. Nilipomwuliza siri yake, alinijibu kwamba kila akihamisha kitu, huipita njia hiyo mara mbili tatu huku amefumba macho.

Nilipokuja Arua kusoma nikapewa kitanda cha ghorofa katika bweni. Usiku mmoja umeme ulikatika, nami nikataka kutoka nje. Niligonga goti kwenye sanduku la kwanza, nikaangukia la pili, na jirani yangu akapiga kelele akidhani mwizi ameingia. Wenzangu walicheka sana. Lakini mimi nilijiuliza: kama ungalikuwa ni moto, je, tungalicheka?

Swali hilo si la mzaha. Mwaka 2008 moto uliwaua wasichana bwenini katika shule ya msingi huko Buddo, na mwaka 2022 watu 11 walikufa kwa moto katika Shule ya Wasioona ya Salama, wilayani Mukono.

Basi, twawezaje kujaribu giza na moshi bila kumwumiza mtu? Hapa ndipo unapofaa uhalisia pepe, yaani miwani inayomwonyesha mtu chumba cha kuchorwa kana kwamba yumo ndani yake. Kila jicho hupata picha yake, zikitofautiana kidogo, na akili huziunganisha. Akigeuza kichwa kushoto, huuona ukuta wa kushoto. Ivan Sutherland wa Marekani alipotengeneza chombo cha namna hii mwaka 1968, kilikuwa kizito hata kikaning'inizwa darini. Lakini mwaka 2014 kampuni ya Google ilionyesha kwamba boksi la karatasi ngumu, lenzi mbili na simu moja vyatosha.

Mtaala mpya wa sekondari, ulioanza mwaka 2020, wataka tufanye miradi. Nashauri mradi mmoja uwe huu. Kwanza tupime bweni kwa futi: upana wa mlango, wa njia na wa vitanda. Pili, tulichore katika kompyuta ya shule kwa programu ya Blender, ambayo hutolewa bure, na tupange vitanda kwa namna tatu. Tatu, kila mmoja avae miwani katika moshi wa kuchorwa, nasi tuhesabu sekunde anazotumia kuuona mlango. Wadogo wa kidato cha kwanza wasisahauliwe, wala mwenzetu atembeaye kwa magongo. Simu tumekatazwa, wala siombi katazo liondolewe. Simu moja ya mwalimu yatosha. Na Chuo Kikuu cha Muni, kinachofundisha mambo ya kompyuta, kipo hapa hapa Arua. Tukiomba msaada kwa adabu, huenda tukasikilizwa.

Wako watakaosema kwamba shule ina shida nyingi, miwani ya nini? Nawajibu kwamba kuhamisha vitanda vya chuma kwa kujaribu tu ni kazi ya siku nzima, lakini katika kompyuta ni ya dakika chache. Mpango ulio bora ukijulikana, kuutimiza hakutaki fedha, ila jasho letu.

Hata hivyo, miwani ya boksi humwezesha mtu kugeuza kichwa tu, si kutembea. Kwa hiyo, baada ya kupanga vitanda, hapana budi tufanye kama bibi yangu: tufumbe macho, twende mlangoni kwa miguu yetu wenyewe.

Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo. Ila kabla hajashika kalamu, leo usiku taa zikizimwa, ajaribu kwenda mlangoni.