Mtoto akibanwa na mkojo usiku porini

Kambi za mahema za Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti, hazina uzio. Usiku fisi hupita kati ya mahema, na simba husikika wakinguruma. Mzazi anayesafiri na kundi asimwachie mwongoza watalii kila kitu. Biskuti, maziwa, hata dawa ya meno ya watoto yenye harufu tamu, visilale hemani, vifungiwe garini. Mtoto apelekwe chooni kabla ya kulala, tena aambiwe mapema: asifungue zipu ya hema peke yake, amwamshe mama au baba. Akibanwa usiku wa manane, ndoo ndogo yenye mfuniko inatosha. Wapo wanaoona aibu kuipakia, hadi fisi wacheke nyuma ya hema.