Anayekimbia usiku afunguliwe



Katika miaka ya 1830, msanii wa Japani aitwaye Utagawa Hiroshige alitoa picha za vituo vya barabara ya Tokaido, iliyounganisha Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto. Zilichongwa kwenye mbao, kisha zikachapwa kwenye karatasi. Mojawapo inaonyesha kijiji cha Kambara usiku wa theluji. Wasafiri watatu wanatembea wamejiinamia, mmoja chini ya mwavuli, wawili wakienda upande mwingine. Uso wa mtu hauonekani. Nyumba zimelala kimya, nao wanapishana bila kutazamana.

Mara hakuna theluji, lakini tunao msimu wetu mgumu wa safari. Desemba shule zinapofungwa, ndipo ngariba wa Tarime na Serengeti wanapoanza kazi. Wapo wasichana wanaotoka nyumbani usiku kwa miguu, mvua ikinyesha, wakitafuta kituo cha Masanga au Nyumba Salama ya Mugumu. Wengine wanawakimbia wazazi wao wenyewe. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria peke yake haimshiki mtoto mkono gizani.

Katika Mathayo 24:20, Yesu anawaambia wanafunzi wake waombe ili kukimbia kwao kusiangukie majira ya baridi. Alijua kwamba anayekimbia hachagui msimu. Njia ikiwa mbaya, uhai wake unategemea mlango atakaoukuta.

Msichana akigonga kwako saa nane usiku, utafungua? Au utasema hayo ni mambo ya familia ya watu? Wapo kati yetu wanaokaa viti vya mbele kanisani, na bado wanamwandaa binti kwa kisu ili mahari ipatikane mapema. Sala ya namna hiyo Mungu aipokee vipi?

Kabla shule hazijafungwa, wazee wa kanisa wakubaliane ni nyumba zipi zitafungua usiku, na mabinti waambiwe. Akifika, mpe nguo kavu na chakula. Kukicha, msindikize hadi dawati la jinsia la polisi. Usimrudishe kwao eti mkazungumze.

Tuombe, ndugu zangu, na tukiomba tusifunge komeo.

Jumapili njema.