Kanumba Tunamjua kwa Kifo, Kazi Yake Hatuisomi

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Kiswahili habari za Steven Kanumba, atakusimulia alivyokufa. Atakutajia usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, nyumba ya Sinza, kesi iliyofuata, na umati uliofurika Dar es Salaam siku ya mazishi. Sasa mwulize ni filamu ipi ya Kanumba aliyoichambua darasani kama alivyochambua Kinjeketile. Atacheka. Mimi naona kicheko hicho ni aibu yetu sote, wanafunzi na wahadhiri, na katika insha hii nitaeleza sababu.

Nimekulia Nchelenge, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia, kando ya ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Nyumbani tulizungumza Kibemba, shuleni Kiingereza. Kiswahili tulikisikia sokoni Kashikishi, kwa wafanyabiashara wa samaki waliovuka kutoka upande wa Kongo. Hicho kilikuwa Kiswahili cha Katanga. Wao husema "bantu", na Mbemba yeyote hulielewa neno hilo bila kufundishwa. "Watu wanakuja" niliisikia kwanza kinywani mwa Kanumba. CD za filamu zake zilionyeshwa katika vibanda vya video kwa kwacha chache, na vibanda vilijaa zaidi kati ya Desemba na Februari, miezi ambayo uvuvi hufungwa na wavuvi hawana la kufanya. Hapakuwa na mwalimu wala kitabu cha sarufi. Hata hivyo, vijana wa ziwani walitoka mle wakisema "shikamoo" na "samahani", na Wakongo waliokaa nao benchi moja wakajifunza kwamba kuna Kiswahili kingine zaidi ya chao.

Je, ni tamthilia gani tunayoitahini vyuoni iliyowahi kufika Kashikishi?

Tumtazame basi mwenyewe. Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alijulikana kupitia kundi la Kaole, lililokuwa likiigiza michezo ya televisheni. Mwaka 2006 alitoka na Dar to Lagos, akiigiza pamoja na Wanaijeria kama Mercy Johnson, wakati ambapo soko letu lilikuwa limejaa kanda za Nigeria na Ghana. Baadaye akaigiza na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Katika Uncle JJ na This Is It aliwapa watoto nafasi kubwa, jambo ambalo filamu za watu wazima za wakati ule hazikulijali sana. Alipokufa alikuwa na miaka 28. Wengi wetu katika umri huo bado tunahangaika na tasnifu.

Najua hoja za wanaopinga. Ya kwanza ni kwamba filamu hizi hazina muswada, kwa hiyo si fasihi. Ni kweli kwamba katika filamu nyingi za Bongo waigizaji walipewa kisa, kisha mazungumzo wakayaunda wenyewe mbele ya kamera. Lakini sisi hawa hawa hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba fasihi simulizi huundwa papo kwa papo, na kwamba fanani hutegemea ubunifu wake na hadhira yake. Bibi anayesimulia hadithi bila karatasi tunamwita fanani. Kanumba akifanya hivyo tunamwita mbabaishaji. Naomba mhadhiri mmoja anieleze mantiki yake.

Hoja ya pili ni Kiingereza: majina ya filamu ni ya Kiingereza na tafsiri zinazopita chini ya picha zina makosa. Sikatai. Wapo waliomcheka Kanumba mwenyewe kwa Kiingereza chake. Lakini mtazamaji wa Nchelenge hakununua jina lililoandikwa juu ya kasha. Alikaa saa mbili akisikiliza Kiswahili. Na kama makosa ya Kiingereza yanaiondolea hadhi kazi ya Kiswahili, basi tumekubali kwamba Kiingereza ndicho hakimu wetu hata ndani ya idara zetu.

Hoja ya tatu ni ubora: sauti mbaya, visa vinavyofanana, machozi mengi. Hii ni hoja ya uhakiki, nami naipokea. Ila mhakiki huanza kwa kutazama. Mwenzangu mmoja alipopendekeza kuandika tasnifu juu ya filamu za Kanumba, aliambiwa atafute "kazi ya maana". Aliyemwambia hivyo hakuwa ametazama hata moja.

Dharau hii ina gharama. Wasanii wengi wa wakati ule waliuza haki za filamu kwa wasambazaji kwa malipo ya mara moja. Nakala zilizobaki mikononi mwa watu ni CD, na CD ikikwaruzwa hukwama, kisha hutupwa. Kule ziwani kasha ninazozikumbuka hazipo tena, kilichobaki ni vipande katika simu za watu. Tukiendelea kungoja filamu hizi ziwe "za maana", siku tutakapozitaka hatutazipata, na wajukuu wetu watarithi habari za usiku mmoja wa Sinza tu.

Nadai mambo mawili. Idara za Kiswahili zikusanye filamu za Kanumba na za wenzake sasa hivi, nakala zihifadhiwe maktabani kama zinavyohifadhiwa diwani. Na angalau filamu moja iingie katika kozi ya tamthilia, isomwe kwa ukali ule ule tunaomsomea Ebrahim Hussein. Ikishindwa mtihani huo, ishindwe kwa haki, baada ya kutazamwa.