Poka ya mtandaoni: leseni peke yake haitoshi

Kijana aliyekimbia vita akiuliza ni kampuni gani ya poka ya kuaminika kwenye simu, wengi wanamjibu: tazama kama ina leseni. Jibu hilo ni la hatari. Full Tilt Poker ilikuwa na leseni ya kisiwa cha Alderney. Mwaka 2011, waendesha mashtaka wa Marekani walisema inadaiwa na wachezaji dola milioni 390, na benki ilikuwa na milioni 60 tu. Wachezaji wa Marekani walianza kulipwa 2014.

Ulizo la kweli ni hili: feza za wachezaji zinawekwa wapi, mbali na zile za kampuni? Asiyepata jibu asitume hata franka moja. Na feza ya unga wa watoto isiguse karata kamwe: hata kampuni ya haki inakata sehemu yake mezani.