Mshahara wa Mwalimu Si Bajeti ya Maabara

Mnamo mwaka wa 2019, Peter Tabichi, mwalimu wa fizikia na hisabati katika shule ya sekondari ya Keriko, Nakuru, alituzwa dola milioni 1 huko Dubai. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu, lakini wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu. Huo ndio ufundishaji: fizikia ianzie mikononi kabla ya kukaririwa.

Tabichi alinuia kuzitumia fedha hizo kuiboresha shule na kuwalisha maskini. Nia hiyo yatutia haya. Mwalimu aliyekuwa akiwagawia wahitaji asilimia 80 ya mshahara wake asigeuzwe wizara. Kidole kimoja hakivunji chawa. Maabara ni wajibu wa serikali.