Mtoto wa Kupelekwa Shule

Laiser ni jina la ukoo mkubwa wa Wamaasai, na ndio ukoo watokamo malaiboni. Siku hizi, huko Ongata Rongai katika Kajiado, jina hilo limeandikwa langoni mwa shule, Laiser Hill Academy, na wazazi hulipa karo ili watoto wao wapate nafasi ndani yake. Mzee aliyekuwa mtoto pande hizo katika miaka ya 1930 ana haki ya kustaajabu. Zamani zake baba hakutafuta nafasi shuleni. Alitafuta hila ya kumwokoa mwanawe nayo.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Serikali ilifungua shule ya wavulana wa Kimaasai huko Narok, na katika miaka ya 1920 ikafungua nyingine Kajiado. Majengo yalikuwapo, walimu walikuwapo. Waliokosekana ni watoto. Basi Bwana D.C. akawaagiza machifu, na kila chifu akatakiwa kuleta hesabu yake ya wavulana. Chifu naye akaenda bomani kwa wazee, na hapo shauri likawa zito.

Baba mwenye wana watatu angemtoa yupi? Mmoja amjua kila ng'ombe kwa rangi yake na kwa mama aliyemzaa, na jioni hana haja ya kuhesabu ili atambue kwamba mmoja hayupo. Huyo hatolewi kamwe. Alipelekwa machungani mbali mpaka chifu apite. Wa pili karibu atatahiriwa aingie rika lake. Aliyebaki ni yule mdhaifu, au mtundu, au mtoto wa mjane asiye na mtu wa kumsemea barazani. Ndiye aliyetolewa, na mara nyingi alijua sababu. Wazee wengi waliosoma zamani hizo husahau majina ya vitabu vyao, lakini neno hilo hawalisahau.

Akaenda kwa miguu. Alipofika alivuliwa shuka, akapewa shati na kaptura. Alizoea maziwa, sasa akawekewa ugali na maharagwe. Mwalimu alisema Kiswahili, naye alijua Kimaasai tu. Kajiado ni kituo cha reli ya Magadi, na usiku, gari la moshi lilipopiga king'ora, mtoto mgeni aliweza kudhani ni mnyama asiyemjua. Wengine walitoroka wakarudi kwao wakiufuata mto. Nao ni mto uliotajwa katika jina la mahali penyewe, kwa maana Olkejuado ni mto mrefu.

Ukaja ukame wa 1960 na 1961, kisha mafuriko mwishoni mwa mwaka 1961. Ng'ombe wa Kajiado walikufa kwa maelfu. Mwana mpendwa, aliyefichwa asiende shule, alisimama katikati ya mizoga. Yule aliyetolewa kwa kuwa hafai alikuwa huenda ni karani, au mwalimu, au mkalimani barazani, na mwisho wa mwezi alipeleka nyumbani fedha za posho. Hakuna aliyelipanga jambo hilo, na si haki kuwacheka wazee wale. Walikuwa wakiilinda mali waliyoijua.

Tangu hapo mabishano yalipungua, ingawa kwa wavulana zaidi. Binti alikuwa na mahari yake, na pengine ameposwa angali mchanga. Kanisa la A.I.C. lilikuwa na shule ya bweni ya wasichana mjini Kajiado tangu mwaka 1959, lakini baba aliyekwisha kumtoa mvulana kwa hiari bado alimzuia dada yake.

Nchi nayo imegeuka. Shamba la jumuiya la Kitengela liligawanywa mwaka 1988, kila mtu na kipande chake, na baada yake zikaja nyua za waya na nyumba za kupangisha. Mbuga walimopita nyumbu watokao katika Hifadhi ya Nairobi, na watoto waendao shule kwa miguu wakiwapisha, sasa ina mabasi ya shule yenye kupanga foleni.

Na katika shule ile ya wasichana ya mwaka 1959, tangu miaka ya 1990 wamepokewa mabinti waliokimbia kuozwa wangali wadogo. Hao hakuna chifu aliyewaandika katika hesabu yake. Walikuja wenyewe.